Tarikhi ya Spana Mbili za Gongoni

Kaeni, mliotoka mbali na mliotoka jirani. Mwenye mkeka autandaze, mwenye mtoto ambembeleze, na mwenye haraka aende zake mapema, kwa maana habari hii haikimbii. Wako waliosimulia vita vya watemi na kuanguka kwa maboma. Wako waliosimulia misafara iliyotoka pwani, bendera mbele na ngoma nyuma, ikapita Tabora na kuishia ng'ambo ya ziwa. Hao walikuwa na mambo makubwa ya kusema, na jambo kubwa hujibeba lenyewe. Sisi tumeachiwa dogo, nalo lataka mabega. Tutasimulia jinsi Sulemani bin Muhanna, simba wa Gongoni, mjini Tabora, mwenye kifua kama kabati na sauti kama tarumbeta, alivyosimama kati ya spana mbili akatakiwa achague moja, na jinsi nchi ilivyotulia ikingoja neno lake. Au kama si nchi, basi ua wake, na kuku waliokuwamo.

Ilikuwa katika miaka ile vijiji vilipopangwa kwa kamba, nyumba ikifuata nyumba kwa mstari, na watu wakifuata nyumba. Maduka ya watu binafsi yalifungwa, ya ushirika yakafunguliwa. Sulemani, ambaye baba yake na babu yake waliuza nguo na chumvi Tabora tangu enzi za misafara, akaamka asubuhi moja akajikuta hana kitu cha kuuza wala mtu wa kumpunja. Alibakiwa na gari. Lilikuwa gari la Kifaransa, rangi ya jivu, lililozoea kusukumwa kuliko kuendeshwa, na yeye alilipenda kama mtemi anavyopenda kiti chake, yaani kwa kulikalia mbele ya watu.

Gari hilo likaungua gasketi. Gasketi, kwa asiyeijua, ni kipande chembamba kinachokaa kati ya injini na kichwa chake, kikizuia maji yasiende kwenye moto na moto usiende kwenye maji. Kikiungua, wawili hao hukutana, na gari hutoa moshi mweupe likasimama. Mtu wa kawaida angemwita fundi. Lakini Sulemani alikuwa amesikiliza redio. Redio ilisema kila jioni kwamba mwananchi ajitegemee, na ingawa msemaji alikusudia mahindi na pamba, Sulemani aliona ni yeye aliyetajwa, na ni gasketi yake iliyokusudiwa. Akampa fundi aliyejileta mkono wa kwaheri pale mlangoni, akavua kanzu, akaingia vitani. Kufungua injini alifungua. Kila mtu anaweza kufungua. Gasketi mpya aliipata, akaiweka, akarudisha kichwa cha injini mahali pake. Zikabaki nati kumi za kukaza, na hapo ndipo mashujaa hutenganishwa na watu.

Sasa sikieni kilichokuwa hatarini, msije mkadhani tunapoteza jua bure. Mama mzaa mkewe, Bibi Khole, alitakiwa Kwihara alasiri ya siku hiyo hiyo, kwenye ndoa ya mjukuu wa dada yake. Kwihara si mbali. Lakini ukoo mzima ungekuwa umekaa barazani, macho barabarani, ukitazama nani anakuja na amekuja na nini. Bibi Khole alikuwa na mkwe mwingine, aliyewahi kumpeleka harusini kwa lori la chumvi, akamkalisha mbele pamoja na dereva. Na habari ya lori hilo ilisimuliwa mbele ya Sulemani kila Idi, kati ya wali na matunda. Kwa hiyo Sulemani alikuwa ameahidi, tena kwa kiapo, kwamba safari hii atamshusha mwenyewe mlangoni kwa gari dogo.

"Na lisipowaka?" Bibi Khole alimuuliza asubuhi ile, akiwa amekwisha kuvaa, ameketi kwenye mkeka kizingitini.

"Litawaka, mama."

"Nimekuuliza lisipowaka."

"Litawaka."

"Basi lisipowaka nitapanda la Lugembe. Lile halina gasketi."

Gari la Lugembe lilikuwa la ng'ombe. Lugembe mwenyewe alikuwa mtu wa Lusu, Nzega, aliyehamia kijiji cha ujamaa karibu na Kwihara, na kila mara alileta kuni mjini kwa ng'ombe wake wawili. Babu yake Sulemani alioa katika ukoo wa Lugembe, na tangu ndoa hiyo nyumba mbili hizo zilikuwa watani. Ninyi mnajua utani ulivyo: mtani hukutukana mbele ya wageni na huwezi kukasirika, huchukua kofia yako akaivaa na huwezi kuidai, na akikuzika huomboleza kwa kucheka. Mama mkwe wa Sulemani kufika Kwihara juu ya gari la ng'ombe la mtani wake lilikuwa jambo ambalo lingeimbwa hadi wajukuu wa wajukuu, tena kwa makofi. Kifo kina mwisho, utani hauna.

Ndiyo maana nati zile kumi zilikuwa nzito. Kitabu cha gari kiliamuru kila moja ikazwe kwa nguvu ya sita, kwa kipimo cha kilo, isipungue maji yakavuja, isizidi bolti ikakatika. Mkono wa mtu haujui sita. Mkono unajua kidogo, unajua sana, na unajua mama mkwe anatazama. Ikabidi ipatikane spana ya kupimia nguvu, ile inayokaza huku ikikuonyesha umekaza kiasi gani. Mwenyezi Mungu, ambaye huwapa viumbe wake zaidi ya wanavyostahili, akaleta mbili.

Ya kwanza ilikuja na Salmini, binamu yake, aliyekuwa amefika kutoka Dar es Salaam kwa treni akiwa na suruali ya bugaluu iliyofagia njia yote kutoka stesheni. Spana yake ilikuwa na uso wa mviringo kama saa, wenye kioo, mshale mwekundu, na tarakimu kuuzunguka, moja hadi kumi na mbili. Ya pili ilitoka kwa Mfaume, mzee jirani, aliyewahi kusimamia gereji ya serikali enzi za Mwingereza na hakuacha kuisimamia hata baada ya kustaafu. Yake ilikuwa fimbo ya chuma tu, na ubavuni mwake ujiti mwembamba ulioishia juu ya kibati cha namba. Fimbo ikipinda, ujiti hubaki umenyooka, ncha yake ikakuonyesha namba. Aliileta imefungwa kitambaa kama mtoto mchanga, akaifunua polepole.

Wakasimama wawili hao kila upande wa boneti, na Salmini akaanza.

"Kaka Sulemani, dunia imekwenda. Dar hakuna tena fundi anayechungulia vijiti. Spana hii ina uso. Unaitazama, inakutazama, mnaelewana. Ukiwa umesimama, umeinama, umechoka, unaona. Mtu anayejijengea nyumba yake kwa mikono yake, anayejitegemea, hawezi kutumia chombo kilichoachwa na mkoloni kwa sababu alikuwa hakitaki."

"Hakukiacha, alinipa," alisema Mfaume. "Na wewe kijana, ondoa suruali yako kwenye oili. Kitu chenye kioo huwekwa ukutani pamoja na picha za harusi. Ukikiangusha mara moja kimekuwa pambo. Spana yangu imeangushwa na watu wanne waliokwisha kufa, nayo ipo. Haina cha kuvunjika, haina cha kuharibika, haina cha kujivunia."

"Haina cha kusomeka vilevile, mzee wangu. Namba zimefifia."

"Anayejua hahitaji namba."

"Basi ya nini kuipima?"

Mfaume akaanza kuifuta spana yake kwa kitambaa, ingawa haikuwa na vumbi.

Wakati huo gari la ng'ombe likasimama nje ya ua, na Lugembe akaingia na mzigo wa kuni kichwani. Alimwamkia Bibi Khole kwa heshima zote, shikamoo, akapewa marahaba. Kisha akamgeukia mtani wake, akaziona zile nati, mafuta na watu wawili waliosimama kichwani mwa gari.

"Poleni kwa msiba," alisema. "Marehemu anazikwa saa ngapi?"

"Mtani, leo sina nafasi yako," alisema Sulemani.

"Sikuombi nafasi. Naomba ngozi yake. Ukishamchinja, nitatengeneza viatu."

Sulemani akachagua. Alichagua spana ya saa. Na tukiulizwa kwa nini, tutajibu kwa uadilifu kwamba hakupima ubora wa chombo hiki wala kile, bali aliona kioo kikimetameta, na akaona sura yake ndani ya kioo, nayo ilimpendeza. Wafalme wengi wamechagua mawaziri kwa njia hiyo.

Salmini akashika kitabu, kwa kuwa aliyevaa bugaluu hashiki kitu kingine. Sulemani akaivika spana kwenye nati ya kwanza, akasoma dua, akavuta. Alivuta kwa adabu, kwa kuchelea kile kioo, kama mtu anayevuta sikio la mtoto wa tajiri. Alipovuta alifumba macho, kama wanavyofumba mashujaa. Akauachia mkono upumzike, akafumbua, akautazama mshale.

"Kitabu kinasema ngapi?"

"Sita."

"Sita kamili," alisema Sulemani.

Akaenda ya pili: akavuta, akafumba, akafumbua. Sita kamili. Ya tatu sita. Ya nne sita. Hata jasho halikumtoka. Watu waliokuwa wamekusanyika ukutani wakaanza kunong'ona kwamba damu ya misafara haipotei, na Salmini akasema hajawahi kuona mkono sawa kama huo hata Dar. Nati zote kumi zikawa sita, tena kamili, wala hapana hata moja iliyotofautiana na nduguye. Mfaume aliinama akachungulia, akaona ni kweli, akaumia.

"Mama, jiandae," Sulemani alimwambia Bibi Khole.

"Nimejiandaa tangu alfajiri," alisema Bibi Khole.

Maji yakajazwa. Sulemani akapanda, akawasha. Injini ikakohoa, ikanguruma, na ua mzima ukashusha pumzi. Kisha kati ya injini na kichwa chake maji yakatoka, si mahali pamoja bali pande zote kwa usawa kabisa, kama mtungi uliojutia kufinyangwa. Maji ya moto, yenye kutu, rangi ya chai ya mkandaa, yakampiga Mfaume kifuani na kuichora kanzu yake nyeupe ramani ya nchi isiyojulikana. Injini ikazimwa. Kuku mmoja akarudi polepole.

Mfaume hakujifuta. Aliiacha kanzu iseme kwanza, ndipo yeye akasema.

"Nilinena. Saa haikazi nati. Saa husema muda umekwisha, na sasa imesema."

"Kitabu kilisema sita," alisema Salmini, akirudi nyuma, "naye akasema sita. Ninyi nyote mashahidi. Mimi kazi yangu ilikuwa kusoma."

"Kazi yako ilikuwa suruali," alisema Mfaume.

Sulemani aliilaza spana juu ya gunia, akashika kiuno, akatazama upande wa kizingiti, akaona macho ya Bibi Khole, akatazama upande mwingine haraka. Bibi Khole hakuwa amekasirika. Alikuwa anatazama jua. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Lugembe alichuchumaa kando ya gunia, mikono nyuma, akaiangalia ile spana kama anavyoangaliwa mgeni aliyelala sebuleni hadi mchana.

"Mtani," alisema, "saa hizi ni saa ngapi?"

"Usinichoshe."

"Nauliza tu. Nilipoingia na kuni, saa yenu ilisema saa sita. Ulipokaza, saa sita. Ulipomwaga maji, saa sita. Sasa imelala kwenye gunia peke yake, hakuna aliyeishika, na bado ni saa sita. Gunia limekazwa, mtani. Mpigie Bibi honi apande gunia."

Watu ukutani wakacheka. Sulemani alikuwa amefungua kinywa ili amrudishie mtani wake neno zito, ndipo akaitazama spana. Akaiokota. Akaitikisa. Akamwita Salmini.

"Sita iko wapi hapa?"

"Si hiyo hapo chini?"

"Hapo chini ni kumi na mbili."

"Kaka, imeandikwa sita."

"Imeandikwa sita, lakini ni kumi na mbili. Juu ndiyo sita. Wewe saa unasomaje?"

"Hii si saa, kaka. Hapo juu ni mwanzo. Ni pasipo na kitu. Hapo hujakaza chochote."

Tusiwe wepesi wa kumhukumu. Katika nchi hii hakuna mtu anayesoma tarakimu za saa. Tarakimu husema kumi na mbili, sisi tukasema sita. Husema tatu, sisi tukasema tisa. Macho yetu yamezoea mahali mshale uliposimama, na maandishi tumewaachia wenyewe waliotengeneza. Sulemani aliusoma mshale kama alivyosomeshwa na baba yake, ambaye alisoma saa vizuri maisha yake yote na hakuwahi kuchelewa popote. Mshale ulikuwa juu, na juu ni sita. Kwa hiyo nati zote kumi alizikaza kwa nguvu ya mtu anayepapasa, kisha akapongezwa. Kosa lilikuwa la watu wote. Aibu tu ndiyo iliyokuwa yake peke yake.

Mfaume akaona mlango umefunguka, akaingia na jeshi lake. Akaisukuma spana yake mbele.

"Shika chuma, mwanangu. Hiki hakina juu wala chini."

Sulemani akakishika. Wakavika nati ya kwanza, akavuta kidogo, ncha ya ujiti ikasogea.

"Sita ni ipi?"

"Hii ya kwanza ni ishirini. Sita iko kabla yake, karibu na mwanzo. Hapo. Umefika."

Sulemani akatoa spana, akaigusa nati kwa kidole. Nati ikazunguka.

"Inazunguka kwa kidole, mzee."

"Kidole chako kina nguvu."

"Mzee," alisema Salmini, "spana yako inapima kwa ratili na futi. Kitabu kinapima kwa kilo na mita. Sita ya kitabu kwako wewe inaweza kuwa arobaini na kitu."

"Arobaini na kitu gani?"

"Sijui. Ni hesabu."

"Hujui," alisema Mfaume, akiwageukia mashahidi. "Ratili ilimtosha Mwingereza miaka yote aliyokaa hapa."

"Ndiyo maana alichoka akaondoka," alisema Lugembe.

Hivyo basi simba wa Gongoni akasimama kati ya spana mbili: mkono wa kulia chombo kinachojua jibu lakini yeye hajui kukisoma, mkono wa kushoto chombo anachokisoma lakini hakijui lugha ya kitabu. Nyuma yake mzee aliyelowa, mbele yake kijana mkavu, na kando yake mtani ameketi juu ya kuni zake, akila karanga alizozitoa kwenye mfuko wa koti la Sulemani lililotundikwa ukutani. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imepita. Hapo shujaa akafikiri. Na kwa kuwa lilikuwa jambo geni katika ua ule, watu walimpisha.

Mwisho akaita.

"Tufaha. Niletee wanja wako."

Mkewe akachungulia dirishani. "Wanja wangu?"

"Ndiyo."

"Unataka kwenda harusini umepaka macho?"

"Lete, mke wangu."

Kichupa kikaletwa. Sulemani akachovya kijiti cha wanja, akainama juu ya uso wa spana ya saa, akatafuta mahali palipoandikwa sita, pale chini, na juu ya kioo akaweka nukta moja nyeusi, nene, kama anavyowekewa mtoto ili asipatwe na jicho baya. Akanyanyuka.

"Sasa sisomi," alisema. "Sitasoma tena. Mshale ukimkuta huyu mweusi, basi."

Naam, enyi mlioketi, maamuzi makubwa hayana maneno mengi. Spana ya saa ilichaguliwa mara ya pili, na safari hii si kwa kioo chake, bali kwa sababu ilijua kilo. Na mwenye kuichagua alikuwa amekiri mbele ya watu kwamba asichoweza kukisoma atakipaka rangi. Mfaume alikunja kitambaa chake, akatangaza kwamba katika gereji ya serikali wanja haukuwahi kutumika. Hilo lilikuwa kweli.

Wakati huo Bibi Khole akasimama, akakung'uta buibui lake.

"Lugembe, ng'ombe wako wamekunywa maji?"

"Wamekunywa, bibi."

"Mama," alisema Sulemani, na sauti ya tarumbeta ikawa filimbi. "Mama, bado kidogo tu."

"Kaza, baba. Kaza vizuri, usiharakishe. Ukimaliza utatukuta njiani." Akapanda, akakalia gunia la pumba ambalo Lugembe alilifunika kwa koti la Sulemani.

Tusimweleze mtu alivyokaza. Sasa hakufumba macho. Alianzia nati za katikati akaenda nje, kama kitabu kilivyoagiza, akivuta hadi mishipa ya shingo ikasimama na mshale ukasafiri kutoka juu, ukashuka upande wa kulia, ukatetemeka, ukazama chini ya wanja. Ndipo alipojua sita ni nini. Sita ilikuwa mzigo. Sita ilikuwa kwenda Ziba, mwendo wa siku kadhaa, kwa miguu. Nati ya mwisho, ile iliyojificha nyuma karibu na kioo cha mbele, ilimtaka alale juu ya injini kama mtu anayebusu kaburi, na Salmini akalazimika kumshika miguu, bugaluu na oili zikakutana kama ilivyoandikwa tangu mwanzo wa dunia.

Maji yakajazwa. Injini ikawashwa. Mfaume alisimama mbali. Hakukutoka tone.

Akalikuta gari la ng'ombe nje ya mji, kwenye njia ile ya mchanga waliyopita wapagazi na pembe zao za ndovu, njia nyembamba yenye mbigili na vichaka pande zote mbili. Akapiga honi. Sasa mjue kwamba mtani hana lazima ya kumpisha mtani. Lugembe aligeuza shingo, akamwona, akawaambia ng'ombe wake neno la Kinyamwezi, na ng'ombe wakapunguza mwendo.

"Mtani, pisha."

"Una haraka gani? Unawahi wapi, na mama mkwe wako yuko huku?"

"Mama, shuka uingie garini."

"Nimeshakaa vizuri," alisema Bibi Khole. "Huku hakutikisiki."

Hivyo gari la Kifaransa likafuata mkia wa ng'ombe, kwa gia ya kwanza, katika jua la alasiri. Wanaojua magari wanajua kwamba hakuna mtihani mkubwa kuliko huo. Hata gari zima likienda hivyo huchemka; lililokazwa vibaya hupasuka. Sulemani aliendesha akiutazama mshale wa joto, na huu aliusoma sawasawa, kwa kuwa haukuwa na namba. Mshale ulipanda, ukasimama, ukakaa. Rejeta haikutoa moshi. Kwa mwendo wa ng'ombe, akila vumbi la ng'ombe, gari lilitunza maji yake yote.

Walipokaribia Kwihara, Bibi Khole alinyoosha mkono nyuma, ameshika viatu.

"Sulemani. Viatu hivi vipya vinanibana. Viweke kwako."

Akasimamisha, akashuka, akavipokea kwa mikono miwili, akaviweka kwenye kiti cha mbele.

Nyumba ya harusi ilikuwa imejaa. Lugembe akasimamisha ng'ombe kando, nyuma ya ukuta, penye kivuli, maana ng'ombe hawapendi ngoma. Bibi Khole akateremka, akakanyaga mchanga, na mchanga ule ulikuwa na mbigili. Akasimama kwa mguu mmoja. Akatazama huku na huku, akaenda akichechemea hadi kwenye gari la mkwe wake, akafungua mlango, akakaa kiti cha mbele, akaanza kuvaa viatu.

Wakati huo huo wanawake wa Kwihara, waliosikia honi tangu mbali, wakatokeza langoni kwa vigelegele. Nyuma yao wazee, nyuma yao watoto. Na ukoo mzima ukaona mlango wa gari dogo umefunguliwa, na Bibi Khole, mwenye viatu vipya, akinyoosha mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akishuka.

"Khole amekuja kwa gari dogo," dada yake aliwaambia watu. "La mkwe wake. Na hana hata vumbi."

Lugembe, nyuma ya ng'ombe wake, alifungua kinywa. Ilikuwa haki yake. Neno alilokuwa nalo lingelisha utani wa nyumba zile mbili kwa vizazi. Bibi Khole akamtazama. Lugembe akafunga kinywa, akakohoa, akasema ng'ombe wana kiu.

Sulemani bin Muhanna, mwenye wanja kwenye vidole na oili hadi viwikoni, alisimama kando ya boneti akipokea salamu za wazee mmoja mmoja.

Basi ichukueni habari hii, mwende nayo Nzega na Igunga, mwende nayo popote njia za wapagazi zilipofika, na akitokea wa kuwabishia mwambieni hivi: siku ile, alasiri, mbele ya ukoo wote wa Kwihara, Bibi Khole alishuka kutoka gari la mkwe wake Sulemani, nalo halikuwa limevuja tone. Kushuka alishuka, mashahidi ni wengi na wengi wao wako hai. Anayetaka habari za kupanda, na awaulize ng'ombe.